Miaka Mia ya Kuidai Shule

Tarehe 1 Juni 1868, katika kambi ya jeshi ya Fort Sumner, New Mexico, wakuu 29 wa Wanavajo waliweka alama zao kwenye mkataba na serikali ya Marekani. Mkataba huo uliwaruhusu kurudi kwao baada ya miaka minne ya kifungo. Kifungu chake cha sita kilihusu shule. Kiliwalazimisha wazazi kuwapeleka darasani watoto wao wote, wa kike na wa kiume, kuanzia miaka 6 hadi 16. Serikali nayo iliahidi kwamba kwa kila watoto 30 watakaopatikana, ingejenga nyumba ya shule na kuleta mwalimu wa kuwafundisha masomo ya msingi kwa Kiingereza.

Miaka mia moja baadaye, Julai 1968, Baraza la Wanavajo lilitoa hati ya kuanzisha chuo chake lenyewe. Kilikuwa chuo cha kwanza nchini Marekani kuanzishwa na kuendeshwa na taifa la wenyeji wa asili, juu ya ardhi yao, chini ya mamlaka yao. Katika karne hiyo moja Wanavajo walipigana na shule, wakaiomba shule, kisha wakaijenga wenyewe. Mara zote tatu hoja yao ilikuwa moja: nani mwenye kauli juu ya mtoto na masomo yake.

Wenyewe hujiita Diné. Nchi yao inalindwa na milima minne mitakatifu, mmoja kwa kila upande wa dunia: Blanca Peak mashariki, Mount Taylor kusini, San Francisco Peaks magharibi na Mount Hesperus kaskazini. Ndani ya milima hiyo walilima mahindi, wakafuga kondoo na farasi, na katika makorongo ya Canyon de Chelly wakapanda mipichi. Mwaka 1863 jeshi la Marekani, likiongozwa uwanjani na Kit Carson, liliwaandama kwa kuwaharibia chakula. Mashamba yalichomwa, mifugo ikachinjwa, na mipichi ikakatwa. Njaa ya majira ya baridi ikafanya kazi ambayo risasi hazikuimaliza. Maelfu walijisalimisha, wakaswagwa kwa miguu kilomita zaidi ya 480 kwenda Bosque Redondo, penye kambi ile ya Fort Sumner, kando ya mto Pecos.

Huko walizuiliwa watu zaidi ya 8,000. Maji ya mto yalikuwa ya magadi, kuni zikaisha, na wadudu wakala mahindi msimu baada ya msimu. Wengi walikufa. Jenerali William T. Sherman alipokuja kuzungumza nao mwaka 1868, alipendekeza wahamishiwe mashariki zaidi, katika eneo ambalo leo ni jimbo la Oklahoma. Msemaji wao, Barboncito, alikataa katakata na kuomba jambo moja tu, kurudi kwao. Sherman akakubali. Katikati ya Juni watu waliondoka kwa msafara uliorefuka kilomita 16 hivi, wakielekea magharibi. Kwa hiyo kifungu cha shule hawakukiomba wao. Kilikuwa sehemu ya bei ya kurudi nyumbani.

Mmoja wa waliotia saini alikuwa Manuelito, aliyepigana mpaka mwaka 1866 na kuwa miongoni mwa wa mwisho kusalimu amri. Baada ya kurudi alikata shauri kwamba watu wake wanapaswa kujua anachokijua mzungu, na aliwahimiza hivyo mpaka akafa. Inasimuliwa kwamba aliifananisha elimu na ngazi. Mwaka 1882 alitoa mfano kwa kuwapeleka wanawe wawili katika shule ya bweni ya Carlisle, Pennsylvania, upande wa pili wa nchi. Carlisle ilikuwa imefunguliwa mwaka 1879 na Richard Henry Pratt, afisa wa jeshi aliyetangaza wazi kwamba nia yake ni kuua "Uhindi", yaani uenyeji wa asili, ndani ya mtoto ili abaki mtu. Mtoto aliyefika alinyolewa nywele, akavuliwa nguo za kwao, akavalishwa sare na kupewa jina jipya. Wana wa Manuelito hawakudumu. Maradhi ya shuleni yaliwaua wote wawili. Baba aliyekuwa ameitetea elimu kuliko wote ndiye aliyeilipia kwa gharama kubwa kuliko wote.

Ahadi ya mwalimu mmoja kwa watoto 30 haikutimizwa. Walichokiona wazazi badala yake ni maafisa wa serikali wakipita na polisi kukusanya watoto na kuwapeleka bweni la Fort Defiance. Mwaka 1892 afisa mmoja, Dana Shipley, alifika Round Rock, si mbali sana na mahali ambapo chuo kingekuja kusimama. Mkuu wa huko, Black Horse, alimwambia kwamba watoto wa eneo lake hawaendi, kwa kuwa bwenini wanateswa. Maneno yakageuka ugomvi. Shipley alipigwa vibaya, akaokolewa na kufungiwa ndani ya duka mpaka askari walipokuja. Serikali iliyaita mambo hayo maasi. Kwa wazazi yalikuwa madai ambayo mzazi yeyote angeyatoa, kwamba mtoto asichukuliwe bila idhini ya aliyemzaa.

Mabweni yaliendelea. Watoto waliadhibiwa kwa kuongea Kinavajo, wengine wakisuguliwa mdomo kwa sabuni. Waliandamana kwa mwendo wa gwaride kwenda kula, na nusu ya siku walifanya kazi za jikoni, za kufua na za shamba. Mwaka 1928 ripoti ya Lewis Meriam, iliyoandaliwa kwa ombi la serikali yenyewe, ilieleza kwamba katika shule za aina hiyo chakula ni duni, mabweni yamejaa kupita kiasi, na kazi za watoto ndizo zinazoziweka hai.

Mtu aliyepewa jukumu la kurekebisha hali hiyo alikuwa John Collier, aliyeteuliwa mwaka 1933 kusimamia masuala ya wenyeji wa Marekani. Collier alizipenda tamaduni zao kwa dhati. Aliwajengea Wanavajo makumi ya shule za kutwa ili watoto walale nyumbani, na akaruhusu lugha yao iandikwe na kusomwa darasani. Lakini mtu huyo huyo, akiamini kwamba malisho yamechoka, aliamuru mifugo yao ipunguzwe. Kondoo na mbuzi kwa maelfu mengi waliuzwa kwa lazima, na wengine wakapigwa risasi mbele ya wenyewe na kuachwa waoze. Familia zilizokula, kuvaa na kuheshimika kwa kondoo zilifilisika. Wazee walioyaona hayo hawakuyasahau, na fundisho walilowaachia wajukuu lilikuwa zito: hata anayekupenda, akikuamulia bila kukuuliza, atakuumiza.

Kisha ikaja Vita Kuu ya Pili. Mwaka 1942 jeshi la wanamaji wa nchi kavu la Marekani liliandikisha vijana 29 wa Kinavajo kutunga msimbo wa siri kwa lugha yao. Wengine walifuata mpaka wakawa 400 hivi, na katika mapigano ya visiwa vya Pasifiki walipeleka ujumbe ambao Wajapani hawakuweza kuufumbua. Baadhi yao walikuwa wamechapwa shuleni kwa kutamka maneno ya lugha hiyo hiyo. Serikali iliufanya msimbo huo kuwa siri hadi mwaka 1968, kwa hiyo mashujaa hao walirudi nyumbani wasiweze kueleza walichofanya. Hata hivyo walirudi na mawazo mapya. Walikuwa wameona dunia, wamepokea amri na kutoa amri, na wengi wao wakaingia katika siasa za taifa lao.

Katika miaka ya 1950 mafuta yaliyochimbuliwa kwenye ardhi ya Wanavajo yaliliingizia Baraza lao fedha, na sehemu ya fedha hizo ilitengwa kuwasomesha vijana vyuoni. Vijana wakapelekwa kwenye vyuo vya Arizona, New Mexico na Utah. Wengi walirudi kabla ya kumaliza. Akili walikuwa nazo. Walitoka kwenye nyumba ya ukoo wakaingia katika mji ambao hakuna aliyejua wao ni nani, wakafundishwa historia ambayo babu zao hawamo ila kama maadui, na shida ya nyumbani ilipowaita hapakuwa na mtu wa kuwaelewa. Baraza liliona fedha zake zikienda na vijana wakirudi mikono mitupu, na swali likazuka: kwa nini chuo kisiwe hapa?

Jibu lilianzia shule ya msingi. Mwaka 1966, mahali paitwapo Rough Rock, Arizona, shule mpya iliyojengwa na serikali ilikabidhiwa kwa mkataba kwa bodi ya wenyeji. Wajumbe wote wa bodi walichaguliwa na jirani zao, na wengi wao hawakuwa na elimu ndefu ya darasani. Mkurugenzi wake alikuwa Robert Roessel, mwalimu mzungu aliyekuwa ameoa Mnavajo, Ruth Roessel, naye pia mwalimu. Bodi ilifanya mambo ambayo wataalamu hawakuwa wameyafikiria. Iliwaajiri wazazi kwa zamu wakae mabwenini na watoto, ili usiku mtoto asikie lugha ya kwao na hadithi za kwao. Wazee waliletwa kusimulia, wafumaji na wafua fedha wakaletwa kufundisha. Wageni kutoka pande zote za Marekani walikuja kutazama shule inayoongozwa na wafugaji wa kondoo, na waliona kwamba inawezekana.

Waliokuwa nyuma ya Rough Rock, wakiwemo Guy Gorman, Allen Yazzie na Ned Hatathli, ndio waliosukuma wazo la chuo. Mwenyekiti wa taifa, Raymond Nakai, aliliunga mkono, na Baraza likatoa hati. Januari 1969 Navajo Community College kilifungua milango huko Many Farms, Arizona. Hakikuwa na majengo yake. Kilipanga ndani ya shule mpya ya sekondari ya serikali, kikigawana nayo madarasa, mabweni na bwalo. Roessel alikuwa rais wa kwanza, kwa makubaliano kwamba atampisha Mnavajo. Mwaka huo huo alimkabidhi Ned Hatathli.

Hatathli alizaliwa Coalmine Mesa, upande wa magharibi wa nchi ya Wanavajo, akakulia katika ufugaji na mabweni ya serikali. Alikuwa ameongoza chama cha mafundi wa kufuma na kufua fedha, akawa mjumbe wa Baraza, na alijua hesabu za biashara kama alivyojua desturi. Kwake yeye, Mnavajo kuwa rais wa chuo hakukuwa pambo. Bodi nzima ilikuwa ya Wanavajo, na jambo la kwanza walilosimamia ni kwamba masomo ya Kinavajo yasiwe nyongeza ya jioni. Lugha, historia na utamaduni wa Diné vilikuwa na idara yake, iliyowahi kuongozwa na Ruth Roessel. Waganga wa jadi, ambao ujuzi wao huchukua miaka mingi kuupata na husomwa kwa kukariri nyimbo na taratibu za siku nyingi mfululizo, waliajiriwa kufundisha bila kudaiwa vyeti. Pembeni yao walikuwepo walimu wa hisabati, biolojia na Kiingereza. Mlango ulikuwa wazi kwa kila mtu mzima aliyetaka kusoma, na darasa moja lilimweka kijana wa miaka 18 karibu na mama wa watoto watano au mkongwe wa vita.

Tatizo lilikuwa fedha. Nyumba nyingi za Wanavajo hazikulipa kodi ya ardhi ambayo ingeweza kuendesha chuo kama majimbo yanavyoendesha vyake, na ada isingetosha. Viongozi wa chuo walikwenda Washington kuomba, wakazungushwa, wakarudi tena. Desemba 1971 Rais Richard Nixon alitia saini sheria iliyokihusu chuo hicho peke yake, ikiidhinisha fedha za ujenzi na za kukiendesha. Ilikuwa mara ya kwanza kwa Bunge la Marekani kukubali kugharamia chuo kinachoongozwa na taifa la wenyeji.

Chuo kilijengwa Tsaile, chini ya milima ya Chuska, mita zaidi ya 2,000 juu ya usawa wa bahari, mashariki ya makorongo yale yale ya Canyon de Chelly ambako mipichi ilikatwa. Ramani yake inastahili kutazamwa kwa makini, maana imechorwa kufuata hogani. Hogani ni nyumba ya asili ya Wanavajo, ya magogo na udongo, yenye umbo la duara au pembe nane, ambayo mlango wake hutazama mashariki ili jua la asubuhi liingie. Ndani yake kila kitu kina mahali pake: moto katikati, pa kulala, pa kupikia, na pa kuweka mfuko wa dawa wakati wa ibada. Majengo ya Tsaile yalipangwa ndani ya duara kwa utaratibu huo huo. Mabweni, bwalo na viwanja vya michezo vilikaa pale ambapo kazi kama hizo hukaa ndani ya hogani, na maktaba ikawekwa upande ambao mfuko wa dawa huwekwa. Aliyepanga hivyo alikuwa akisema kwamba vitabu navyo ni tiba, na vinahitaji adabu ileile. Jengo kuu, ghorofa sita za vioo zenye pembe nane, lilipewa jina la Ned Hatathli, ambaye alifariki mwaka 1972 bila kuwahi kufundisha ndani yake. Chuo kilihamia hapo mwaka 1973.

Mpangilio huo uliingia pia katika namna ya kusoma. Falsafa ya chuo huitwa Sa'ah Naagháí Bik'eh Hózhóón, maneno yanayotoka katika ibada za Diné na yanayohusu maisha marefu yenye uzuri na mlingano. Hugawanywa katika hatua nne zinazofuata mwendo wa jua. Nitsáhákees, kufikiri, ni ya mashariki. Nahatá, kupanga, ni ya kusini. Iiná, kuishi na kutenda, ni ya magharibi. Siihasin, kupata uhakika baada ya kutafakari uliyotenda, ni ya kaskazini, na kutoka hapo mtu huanza tena mashariki. Mwanafunzi wa sayansi anayekwenda kuchukua sampuli za maji ya kisima huongozwa kwa hatua hizo: awaze swali, apange namna ya kulijibu, afanye kazi, kisha apime alichokipata na kazi hiyo imemsaidia nani.

Hilo la visima si mfano wa kubuni. Kuanzia 1944 hadi 1986 madini ya urani yalichimbwa katika nchi ya Wanavajo kwa ajili ya silaha na umeme wa nyuklia, na migodi zaidi ya 500 iliachwa bila kufukiwa ipasavyo. Wachimbaji walikufa kwa magonjwa ya mapafu, na mifugo ilikunywa maji ya mashimo hayo. Tawi la chuo lililoko Shiprock, New Mexico, lilianzisha elimu na utafiti kuhusu urani, na wanafunzi wake wakapima udongo na maji ya vijiji vyao wenyewe, kisha wakaeleza matokeo kwa Kinavajo kwa wazee wanaoishi karibu na migodi. Mtafiti wa mbali angeweza kupima vizuri vilevile. Lakini asingeweza kukaa sebuleni kwa bibi, akataja koo zake nne kama adabu inavyotaka, na kuaminiwa.

Mwaka 1973 matbaa ya chuo ilitoa kitabu cha simulizi za familia kuhusu safari ya Bosque Redondo, Navajo Stories of the Long Walk Period, kilichohaririwa na Ruth Roessel. Mpaka hapo habari za safari hiyo zilikuwa zimeandikwa hasa kutokana na barua za maafisa. Sasa walizungumza wajukuu wa waliotembea: nani alizaa njiani, nani aliachwa, nani alijificha korongoni na kubaki huru. Kwa historia ya Wanavajo kazi hiyo peke yake ingetosha kuhalalisha gharama ya chuo.

Mwaka huo huo vyuo sita vya mataifa ya wenyeji viliunda umoja wao, kwani wengine walikuwa wameshafuata njia. Walakota wa South Dakota walikuwa wameanzisha Sinte Gleska na chuo cha Oglala. Umoja huo ulipigania sheria ya 1978, iliyotiwa saini na Rais Jimmy Carter, ambayo ilivipa vyuo vyote vya aina hiyo msingi wa ruzuku. Mwaka 1994 Bunge liliviingiza katika orodha ya vyuo vinavyonufaika na mfumo wa vyuo vya ardhi, zaidi ya miaka 130 baada ya sheria ya kwanza ya mfumo huo, ambao fedha zake za mwanzo zilitokana kwa sehemu kubwa na kuuza ardhi ya wenyeji. Leo vyuo hivyo ni zaidi ya 30.

Safari haikuwa laini. Marais walibadilishwa mara kwa mara, siasa za Baraza zikaingia chuoni, na kila mwaka ruzuku ya Washington ilikuwa jambo la kuombea. Chuo kilipata ithibati kamili mwaka 1976, na mwaka 1997 kikabadili jina kuwa Diné College. Kikaanza kutoa shahada za kwanza, zikiwemo za ualimu, ili watoto wa Wanavajo wafundishwe na Wanavajo. Huko Crownpoint, New Mexico, kituo cha ufundi kilichofunguliwa mwaka 1979 kilikua mpaka kikawa Navajo Technical University, na kimeanzisha shahada ya uzamivu katika lugha na utamaduni wa Diné, ya kwanza ya ngazi hiyo katika chuo cha wenyeji. Vijana wenye alama za juu hupata ufadhili wa taifa lao unaobeba jina la Manuelito.

Nimeieleza historia hii kwa kirefu kwa sababu nadhani mara nyingi tunaigeuza elimu ya wenyeji kuwa suala la mtaala peke yake: tuongeze nyimbo, tuongeze kipindi cha lugha ya mama. Collier aliongeza yote hayo, na bado kondoo walipigwa risasi. Rough Rock na Tsaile zilitofautiana na yaliyotangulia kwa sababu mamlaka ya kuajiri, kufukuza, kujenga na kukosea yalihamia kwa wazazi na wazee wenyewe. Mtaala ukafuata. Kosa la bodi ya Wanavajo lilirekebishwa na wapiga kura Wanavajo, na fanikio lake halikuhitaji kuidhinishwa na afisa wa mbali.

Kazi haijaisha. Watoto wanaoanza shule wakiwa wanazungumza Kinavajo wanapungua mwaka hadi mwaka, na chuo hakiwezi peke yake kufanya kazi ya nyumba. Lakini eneo la Window Rock lina shule ya msingi inayofundisha kwa Kinavajo, na inawezekana sasa mtoto aanze hapo, aendelee Tsaile, amalizie shahada ya uzamivu Crownpoint, bila kutoka nchini kwao na bila kuacha lugha yake mlangoni. Hakuna sehemu ya njia hiyo iliyotolewa kama zawadi. Imedaiwa hatua kwa hatua, na anayeipita leo anadaiwa kuiendeleza.